Mkwaruzo Kwenye Sinia la Shaba

Kitendaguro, Bukoba

Mjukuu wangu Koku,

Hatujambo. Senene wameanza kuanguka, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeniuliza kama nami niliwahi kuharibu kazi ya nakshi.

Niliharibu. Nilikuwa msichana pekee katika karakana ya Mzee Idi, pale mjini. Nikichonga jina la bwana harusi kwenye sinia la shaba, patasi iliteleza ikaacha mkwaruzo mrefu. Nikakusanya vitu vyangu nirudi kwetu Izimbya.

"Kaa kwanza, binti," Mzee Idi alisema. Akatoa kabatini kipande cha shaba kilichoharibika kuliko sinia langu. "Hiki nilikiharibu mimi."

Wenzangu wawili nao wakaleta vyao. Kisha tukausugua ule mkwaruzo kwa zamu mpaka ukafutika, nao wakanirudishia patasi.

"Malizia wewe," Mzee Idi alisema.

Nilimalizia.

Siku hizi pale ni duka la simu. Nikipita husimama kidogo, nikatamani kusikia nyundo zao. Wote watatu tumeshawazika.

Koku, piga picha na wenzako wa karakana uniletee. Mimi sina hata moja ya wale wangu.

Bibi yako anayekuwaza,
Felista