Mume Wangu Alifia Chumbani Kwetu, Nikacheka

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, naomba unisaidie haraka maana nyumbani kwangu hakukaliki, mume wangu haongei nami, akitaka chumvi anamwambia binti yetu "mwambie mama yako," na mimi niko hapo hapo mezani, chumvi nimeishika mkononi.

Mimi ni fundi wa mapazia, mume wangu ni mwigizaji, na miaka yote alikuwa akipewa nafasi za askari, dereva na maiti, mpaka ilipomwangukia bahati ya kuwa mfalme kwenye ile filamu kubwa ya vita, bila shaka umeisikia, na kama hukuiona hujapoteza kitu, ile iliyobandikwa matangazo hadi kwenye ukuta wa hospitali, yenye farasi na majeshi na jumba la kifalme la mbao lililopakwa rangi ya dhahabu, ambalo kwa gharama yake wangejenga mtaa mzima na watu wakahamia. Basi mwongozaji wa filamu, kwa kuwa wazimamoto na magari yao walikuwa wamekodiwa siku moja tu, akaamuru jumba lichomwe kwanza, likaungua vizuri kweli, watu wakapiga makofi, na majivu yakiwa bado ya moto ndipo msaidizi wake akamuuliza, "Bosi, na zile sehemu za ndani?" Hakuna aliyezipiga picha. Mfalme alikuwa bado hajafa, na kitanda cha kufia kimekuwa mkaa.

Hayo nimeyajua baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba mume wangu aliniambia niende kwa dada yangu nikapumzike siku chache, nikafurahi, nikasema loo, leo nimependwa.

Siku ya uzinduzi nilikaa safu ya mbele, kati ya mume wangu na mama mkwe, nimevaa nikavalika. Vita ya kwanza haijaisha watu wameanza miayo, nyuma yangu mtu anakoroma bila hata aibu, lakini mimi nimekaza shingo kwa ajili ya mume. Kisha mfalme akanyweshwa sumu, akabebwa hadi kitandani, picha ikasogea polepole, na nyuma ya kichwa cha mfalme nikaona pazia langu. Pazia langu la chumbani, mshauri, la maua ya njano, nililolishona mwenyewe nikakosea vipimo, upande mmoja ukawa mfupi, nikasema liache tu, chumbani nani ataona. Na chini ya ule upande mfupi, pasi yangu, waya umechomekwa ukutani, enzi za mikuki! Kabla sijajizuia nikapaza sauti, "Jamani, pazia langu!" nikaangua kicheko, ukumbi mzima ukanifuata, hata mama mkwe mabega yakawa yanamcheza, na mfalme anakata roho huku watu wanajifuta machozi ya kicheko.

Filamu ilipoisha waigizaji wakajipanga mlango mkubwa kupokea pongezi, watu wakagundua kuna mlango wa pembeni, nasi tukapita huo huo tukaenda kumsubiri nyumbani. Aliporudi alichukua mto wake akahamia sebuleni.

Wachambuzi wa magazeti wakaichanachana filamu, mmoja akaandika kwamba aliyeigiza vizuri kuliko wote ni pasi, kumbi zikabaki tupu, wiki haijaisha imeondolewa. Watoto mtaani wakimwona mume wangu wanaita, "Pazia langu!" Yeye anasema mimi ndiye niliyeiua filamu, na kupitia binti yetu amenipa sharti: niende redioni niseme ni nzuri sana na kwamba sikucheka, nilishikwa na kikohozi, la sivyo anarudi kwa mama yake, na mama yake, yule yule wa mabega, ameshamtandikia kitanda. Nampenda mume wangu, mshauri, sitaki aondoke. Lakini kikohozi kweli?

Fundi Mapazia

Fundi Mapazia,

Barua yako niliisomea ofisini, ikabidi nitoke nje maana wenzangu walidhani nimefiwa. Kwa kicheko sikulaumu. Filamu yenyewe niliitazama hadi mwisho, nikatoka nimezeeka. Wewe hukuiua, uliikuta maiti. Aliyeiua ni yule bwana aliyewasha kiberiti kabla ya kufungua ukurasa unaofuata.

Redioni usikanyage. Ukisema ulikohoa, watu watacheka upya, na atakayechekwa ni mumeo. Mama mkwe naye mwambie, kwa adabu zote, kwamba aliyecheka pamoja nawe hana haki ya kumtandikia mtu kitanda. Na mumeo anadaiwa maelezo, maana kukutoa nyumbani kwako kwa hila na kujaza wanaume na mataa chumbani mwenu ni utovu wa adabu. Atayatoa, ila si leo.

Sasa nakugeukia wewe, na usinune. Umeniandikia pazia, pasi, mbao na chumvi. Kuhusu mumeo alivyoigiza, hata neno moja! Alikufaje? Hujui, ulikuwa unakagua mapindo. Mimi nakumbuka. Pumzi zilipomwishia aliutafuta mkono wa binti mfalme bila kuangalia, kama mtu anayepapasa miwani yake asubuhi, na hapo nilisahau hata maumivu ya kiti. Alifanya hivyo akijua fika kwamba jumba limeungua, filamu imeshaharibika na pasi ipo pembeni yake, na bado akafa kwa moyo wote. Huyo ni mtu wa kazi, mama, na unalala naye nyumba moja.

Halafu ule mlango wa pembeni. Umeutaja mbio mbio ukidhani sitauona. Mumeo alisimama pale mlango mkubwa na suti yake, mkono tayari kusalimiwa, anaangalia watu wanavyotokomea upande wa pili. Kicheko angekusamehe kabla ya kulala. Aliyekuwa akimtafuta pale mlangoni ni wewe. Hilo ulikosea, tena vibaya, na usinitafutie mama mkwe wa kumsukumia lawama.

Leo akirudi nyumbani, binti yenu mpeleke kwa jirani asiwepo wa kutumwa. Kaa naye hapo hapo sebuleni alikohamia. Usimwambie filamu ilikuwa nzuri, atajua unamdanganya. Usimwambie hongera, bila shaka wenzake wa filamu wamempa za mdomoni mpaka zimemkinaisha. Mwambie kwamba ulipaswa kusimama pale mlangoni na hukusimama. Kisha kumbuka kwamba kazi yake kubwa kuliko zote imemfia mbele ya watu, na tangu siku hiyo amesikia vicheko, matusi ya magazeti na sifa za uongo, lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Mwambie wewe.