Kwa Kabula, Nyuma ya Mawe

Vene,

Nimerudi jana kutoka kwenu Ukerewe. Asubuhi nimefungua kibanda chetu hapa Mabatini, nikafagia, nikakaa kwenye cherehani yangu, na nimeshindwa kushona hata pindo la gauni. Cherehani yako bado nimeifunika kwa kile kitenge chako cha njano. Wateja wanaingia, wanaitazama, wanauliza yule fundi mwembamba yuko wapi. Wengine nawajibu. Wengine naangalia chini tu mpaka waelewe wenyewe.

Mwaka huu sikutaka kwenda. Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba na kazi ya sare ikaisha, nilijiambia likizo yetu imekufa na wewe. Kisha mama yako akapiga simu. Akasema, "Kabula, mwanangu, na wewe umenitupa?" Ningefanyaje? Nikapanda meli.

Ulivyokuwa unanicheka kwenye meli ile! Wewe nje, upepo unakupiga, mimi ndani katikati kabisa nimekumbatia boya, na sauti yako inaingia dirishani: "Msukuma wa nchi kavu, hebu njoo uone maji!" Mimi mtoto wa Kisesa, kwetu ni ng'ombe, maji ninayoyajua ni ya kisima. Mara ya kwanza kukaa nje ni mwezi wa pili, tulipokuvusha kwenda kukuzika, kwa sababu jeneza lako lilikuwa nje. Siku ile sikuogopa ziwa. Cha kuogopa kilikuwa kimeshatokea.

Mama amekonda, Vene. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika mikono akawa haachii. Akapika ugali wa muhogo na sato, na kichwa cha samaki akaniwekea mimi, mgeni wake. Miaka yote ile, akigeuka tu, ulikuwa unakinyakua na kunipa mnofu wako, maana ulijua kichwa kinanishinda. Safari hii nilikitazama, nacho kikanitazama. Nikakila chote, na macho yake, huku machozi yananitoka. Mama akaniuliza kama pilipili imezidi.

Kesho yake akaniuliza lile swali. "Kila likizo mlikuwa mnatoka asubuhi, mnarudi jioni mwenzako amelowana, mnaniambia mlikuwa kwa shangazi. Mlikuwa wapi hasa? Nipeleke mwanangu alikokuwa anafurahi."

Nilikasirika, sikufichi. Tulikubaliana kwamba watalii waende kwenye mapango yenye vibao, ila kule kwetu ni kwetu. Ule mwamba wa pimbi, kile kijito nyuma ya michungwa, na Kwa Kabula. Hasa Kwa Kabula. Nimebaki na nini chako zaidi ya hapo? Cherehani ni chuma tu. Kaburi ni la ukoo mzima. Ule ufukwe ulikuwa wetu wawili peke yetu, na niliona nikimpeleka mtu mwingine nitakuwa nimekupoteza tena. Lakini mama alikuwa ameshavaa kandambili zake, anasubiri mlangoni. Nikasema haya, twende.

Njia nzima nilikuwa naiona siku ile nilipouvumbua ufukwe ule. Nilikuwa nakimbia kenge, nakimbia kweli, nikajipenyeza katikati ya yale majabali mawili na kutokea kwenye mchanga mweupe ambao hata mtu wa mtumbwi asingeuona. Nikapiga kelele. Ukaja, ukashika kichwa kwa mikono miwili: "Aisee, Kabula! Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, sijawahi kupaona!" Ukapaita Kwa Kabula papo hapo. Nilitamba mwaka mzima! Kila mteja aliyekaa kwenye benchi letu alisikia habari hiyo, na wewe unakata uzi kwa meno, unaitikia, "Ni kweli, yeye ndiye aliyepaona."

Na kila mwaka ulikuwa unaogelea mpaka kwenye lile jiwe bapa, unaniita kutoka huko, na mimi nimekaa mchangani na visingizio vyangu. Mamba. Kichocho. Nimesuka nywele juzi tu. "Mwakani," nakuambia. Na wewe: "Haya, mwakani."

Basi tulipofika kwenye majabali nilitangulia, mwenyeji kabisa. "Mama, inama hapa. Angalia kichwa." Nikatokea, nikageuka nimpe mkono, hayupo. Alikuwa ameshapita upande wa pili, kwenye upenyo ambao mimi sijawahi kuujua, amesimama mchangani na khanga mdomoni.

"Hapa?" akasema. "Hapa ndipo nilipomfundisha kuogelea. Hajaanza hata shule. Alikuwa anaruka kutoka kwenye lile jiwe, namwambia utavunjika, hasikii."

Vene.

Ulikuwa unapajua. Ulipajua kabla hujajua kusoma. Ukashika kichwa, ukashangaa, ukanidanganya mchana kweupe, na uongo huo ukaenda nao kaburini, ili mimi muoga wa nchi kavu niwe na mahali pangu kwenye kisiwa chenu. Nani atanidanganya hivyo tena? Niambie, nani? Nilikaa chini nikalia kuliko nilivyolia msibani.

Nilipomwambia mama panaitwaje, alicheka huku analia. "Huyo ndiye Vene," akasema. Kisha akasema, "Vua viatu, mwanangu."

Nikamwambia mamba. Nikamwambia kichocho. Akakunja khanga yake, akaingia, akaninyooshea mkono. Niliingia mpaka magotini, Vene. Maji yalikuwa baridi, natetemeka, nimemng'ang'ania mama yako kama mtoto. Jiwe lako lilikuwa pale mbele, na juu yake hakuna mtu.

Pumzika sasa, mwenzangu. Kesho nitaifunua cherehani yako niitie mafuta, isije ikaota kutu. Na mwakani, sare zikiisha, nitapanda meli na nitakaa nje. Mama amesema atanifundisha yeye mwenyewe. Nakuahidi nitaogelea mpaka kwenye lile jiwe bapa, na nikilishika tu nitapiga kelele ufukwe mzima usikie kwamba nimelivumbua mimi.

Na wewe ushangae, kama siku ile.

Kabula wako