Ramata na Ndege ya Kuzungukia Ulaya

Tierno, upo? Sikia alichofanya mke wangu Ramata!

Binti yetu kajifungua kule Bissau. Ramata kataka awahi sherehe ya kumpa mtoto jina, kaenda kukata tiketi ya ndege hapa Konakri.

Kijana wa tiketi kamwambia, "Mama, wiki hii utapitia Lisboni."

Lisboni! Ulaya kabisa! Na Bissau ni hapo jirani tu!

Ramata kamjibu, "Wazungu wanaruka kwa jirani zao moja kwa moja, kwa bei ya kuku. Mimi nizunguke bahari?"

"Kwao abiria wengi, mama. Kwetu ndege zinakwenda tupu."

"Basi na hiyo iende tupu!" Kapanda basi.

Kapiga simu sasa hivi: "Mjukuu ninaye mapajani. Kamuulize yule kijana, ndege yake imeshaondoka?"

Navaa viatu, Tierno. Naenda kumuuliza.