Shahidi Niliyemficha

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeshapona lile goti, na kwamba shemeji ameacha kukutania kuwa unatembea kwa maringo kama bibi harusi. Mimi mwili wangu mzima. Najua umesikia kwamba siendi ofisini, na mke wangu alikwambia ni presha. Alisema alichoambiwa. Si presha, dada. Kaa chini usome taratibu.

Mwaka jana nilipokea kesi ya kumtetea dereva mmoja, mtu mpole, mkubwa kwangu kwa umri. Gari la tajiri wake lilimgonga mwendesha baiskeli akafa, katika mji wa pili, mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Polisi walipofika walimkuta dereva peke yake kando ya gari. Alisema aliyeshika usukani ni mdogo wa huyo tajiri, aliyeteremka akatokomea. Nani angemwamini? Lakini alikuwa na shahidi: mwanamke mshonaji mwenye duka mkabala na ile njia panda, aliyekuwa barazani na cherehani yake akaona kila kitu.

Hakimu akatoa hati ya kumwita huyo mshonaji, nikakabidhiwa mimi niifikishe. Baada ya wiki tatu nilirudi na kiapo chenye sahihi yangu, kwamba nimemtafuta, amehama, hajulikani aliko. Hakimu ananiheshimu, hakuuliza mara mbili. Dereva akafungwa miaka minne. Mkewe alibaki kwenye benchi la korido ameshika koti la mumewe, mpaka mfagizi akamwomba apishe.

Mwezi uliopita nilikwenda gerezani kumweleza habari za rufaa. Nilikwenda nimejiandaa kutukanwa. Badala yake alinishika kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Wakili, usijisumbue moyo. Najua ulimtafuta yule mama mpaka ukachoka." Nilitoka pale nikasahau hata mkoba wangu kwa askari wa mlangoni.

Dada, sikumtafuta. Asubuhi ile niliyokula kiapo, nilikuwa nimekunywa chai mezani kwake.

Yule mshonaji ni mwanamke wangu, mwaka wa sita sasa. Kwake mimi si wakili. Ni muuza vifaa vya hospitali, safari haziishi. Tuna binti wa miaka minne, ana paji la uso la marehemu mama, na hata kununa kwake ni kwa mama. Zile kesi za nje ya mji nilizokuwa nikikuaga nazo, nilikuwa kwao. Angeingia mahakamani angenikuta nimevaa joho, na uongo wangu wote ungeanikwa mbele za watu. Nikaichana ile hati. Ili nibaki na nyumba zangu mbili, nikamvunjia mwenzangu ile yake moja.

Na yeye alikuwa akishangaa, huku anakata vitambaa, mbona haitwi. "Wewe unayezunguka kote huko," aliniambia, "nitafutie wakili wa yule dereva. Mwambie mimi nipo."

Wiki iliyopita niliwaambia wote wawili, kila mmoja kwake. Mke wangu aliuliza jina la mtoto tu, kisha akaingia chumbani akajifungia. Mshonaji hakuuliza lolote la kwake. Aliuliza kama dereva bado yuko ndani. Nilipoitikia, akazima pasi, akamvalisha mtoto viatu, wakapanda basi kwenda kutoa maelezo. Mimi nikapanda la nyuma yao, nikatoa yangu.

Dereva yuko nje kwa dhamana mpaka rufaa isikilizwe. Leseni yangu nimeirudisha mwenyewe, na Jumatatu nasomewa shtaka la kuapa uongo. Usinitafutie wakili, dada. Nakujua, umeshaanza kufikiria ni nani. Nikiulizwa kama ni kweli, nitasema ni kweli.

Nakuomba uje ukae na mke wangu siku chache, hata kama hatakufungulia mara ya kwanza. Na siku moja, moyo wako ukikubali, nenda kamwone yule mtoto. Hajui kwamba ana shangazi.

Nisalimie shemeji na wanangu wote hapo nyumbani, na uwaambie mwenyewe, kwa maneno yako, kabla hawajayasikia barabarani.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenilea vizuri kuliko nilivyoishi.