Mama Hataki Nyumba ya Mbao

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Matope mpaka magotini, begi limelowa chapachapa, lakini nimefika. Mama kanipokea mlangoni: kikohozi kwanza, salamu baadaye.

Nyumba ya matofali ambayo Kaka alimjengea inatoa jasho. Sitanii — nimepitisha kiganja ukutani chumbani kwake, kikatoka kimelowa. Nyuma ya kabati kuna kuvu jeusi, limetambaa mpaka darini. Gauni zake nzuri zina madoa kama chui. Sakafu imelala juu ya ardhi inayokunywa mvua mwaka mzima. Paa limekatwa fupi, mvua inachapa kuta moja kwa moja. Madirisha ni vioo vya kusukuma na nusu yake vimegoma. Msitu mzima uko hapo nje na kivuli chake cha bure, na mama anaishi ndani ya sufuria yenye mfuniko!

Daktari alishamwambia mapafu hayatapona ndani ya unyevu huu. Mama akamjibu kwamba nyumba ni zawadi ya mwanawe, na zawadi haikimbiwi.

Tutaona.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia Kaka. Nikamwambia namjengea mama nyumba nyingine, pale juu katikati ya miti. Ya mbao. Imeinuliwa kwa nguzo. Alicheka mpaka akapaliwa. Eti nimesomea usanifu wa majengo ili nimlaze mama mtini kama tumbili. Nikamwambia aje alale yeye chumba kile wiki moja tu. Akasema yuko bize. Bize! Basi yeye awe bize, mimi niwe na nyundo. Nikakata simu kabla hajakata yeye. Raha iliyoje.

Kisha nikampigia bosi. Miaka yote nimemchorea majengo ya vioo, halafu tunayajaza viyoyozi watu wasiive ndani. Anasema nisiporudi mwisho wa mwezi, kiti changu anakaa mwingine. Akae! Chenyewe kina mguu mbovu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda nafukiza msitu. Majani mabichi ndani ya kopo la rangi, moto kidogo, natembea nalo huku na huku kuangalia moshi unaelekea wapi. Humu chini ya miti hakuna upepo wa kuitwa upepo. Hewa imetulia kama maji ya ndoo. Lakini asubuhi moshi ulipanda polepole kutoka kijitoni kwenda mlimani — na jioni ukageuka, ukashuka. Ndiyo hiyo! Hiyo ndiyo hewa yangu.

Basi nyumba itakaa kifua wazi kuielekea. Nyembamba, upana wa chumba kimoja, hewa ikiingia huku itokee kule. Sakafu usawa wa bega langu, unyevu ubaki chini na mizizi yake. Kingo za paa zitoke nje kwa ukarimu. Na juu kabisa, mwanya chini ya kijipaa kidogo, joto litoke lenyewe bila kusukumwa na mtu.

Mama alikuwa ananitazama dirishani. Jirani alipopita nikamsikia mama akimtuliza: mtoto ni mzima, ni masomo tu.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi seremala kaja. Wanamwita Pimamaji, maana hata kikombe cha chai akikiweka mezani lazima ainame akague kama kimekaa sawa. Tumegombana hata salamu hazijaisha. Anataka kuangusha mti mkubwa ulio katikati ya kiwanja. Nikamwambia mti haukatwi, nyumba ndiyo itageuka. Akasema hajawahi kuona mteja anayehamisha nyumba ili apishe mti.

"Basi umemwona leo," nikamwambia. Mti ule ndio mwavuli wangu wa jua la mchana. Mbao tutapasua kwenye magogo ambayo dhoruba iliyaangusha bondeni.

Akauzunguka. Akaugonga shina, akakodolea matawi kuona kama kuna kavu la kuangukia paa. Hakusema ndiyo. Alianza tu kupima.

Jumanne, 25 Machi

Leo nimemwonyesha mama mchoro. Kidole chake kikapita taratibu juu ya nguzo, juu ya ngazi, juu ya kuta za mbao zilizoachana. Akauliza choo kiko wapi. Jiko je? Nikamwonyesha. Akasema:

"Hii nyumba naijua. Nimezaliwa ndani yake."

Nikaanza kufurahi. Mjinga mimi!

"Nimezaliwa ndani yake," akarudia, "nyoka wanadondoka kutoka juu, majirani wanatuona tukila, tukilala, tukigombana. Nilipoolewa nikajiapia, sitalala tena nyuma ya ukuta unaopitisha jicho la mtu. Kaka yako kanipa ukuta. Wewe unakuja na digrii yako kuninyang'anya."

Nikatoka nikaenda kupiga misumari isiyohitaji kupigwa.

Jumatano, 26 Machi

Siachi. Nimelala na hasira, nimeamka na hasira — na wazo. Ukuta wa kupitisha hewa si lazima upitishe jicho! Mbao zilazwe kama magamba ya samaki, kila moja iifunike nyingine, ziinamie nje. Hewa inapenya katikati, jicho linagonga mbao. Na wavu kwa ndani, kuanzia sakafuni mpaka kwenye mwanya wa juu, nyoka atafute kwake.

Nikatengeneza kipande. Nikasimama nyuma yake nikamwuliza mama kama ananiona.

"Nakusikia tu," akasema, "na hiyo nayo ni kero."

Hakukataa. Wala hakukubali. Anasema kuhama hahami ng'o. Pimamaji akaniuliza kwa sauti ya chini kama tusimame, maana mwenye nyumba haitaki. Nikamwambia tunajenga. Mapafu yake yanaitaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Nguzo zimesimama! Miguu ya zege chini, mbao juu, na katikati kila moja imevishwa kofia ya bati ili mchwa wakipanda waishie njiani wakijiuliza.

Nikiwa bado nazisifia, Kaka huyo. Kiyoyozi kwenye boksi, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akakifunga chumbani kwa mama. Mama akakaa mbele yake amejitanda shuka, anatabasamu huku meno yanagongana.

"Umeona?" Kaka akaniambia. "Tatizo limekwisha. Hakuna haja ya kumpandisha mtu mtini."

"Umeme wenyewe huku unakuja ukijisikia."

"Mimi angalau naleta vitu, mdogo wangu. Wewe unaleta maneno."

Nikazinyooshea kidole zile nguzo. "Maneno yangu yamefika usawa wa bega."

Pimamaji alicheka, akajifanya anakohoa. Mama akatutazama wote kwa zamu. Ila Kaka alipoondoka nilimwona anafuta vumbi la kiyoyozi kwa upindo wa khanga, polepole, kama anapangusa uso wa mtu. Hapo nilikosa raha. Si kiyoyozi anachokipenda. Ni kwamba mwanawe kakibeba.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Mvua. Mvua. Umeme umekatika tangu wiki iliyopita, na chumba cha mama kilizibwa kila tundu ili baridi isitoke. Sasa hakitoki kitu wala hakiingii kitu. Kuvu limenenepa. Anakohoa akiinama, mkono umeshika ukuta, na ukuta unamlowesha.

Ofisini kiti kimeshapata mtu. Nilijiandaa kuumia. Nikaumia kidogo, nikapanda juu ya paa.

Paa limekamilika! Chini ya bati tumetandika mianzi iliyolowekwa dawa ya wadudu, mvua isitupigie ngoma vichwani. Ilipomwagika ile kubwa ya mchana nikakimbilia ndani, kuta bado hakuna, nikasimama katikati ya sakafu, mikono nimeinyoosha. Maji yanashuka pande zote kama pazia. Tone halikunifikia. Nilipiga kelele mpaka Pimamaji akadhani nimekanyaga msumari.

Jumapili, 18 Mei

Mama kapanda ngazi! Eti kukagua tu. Kagonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole. Kafungua komeo, kafunga, kafungua. Kisha akasimama mahali hewa ya jioni inapopita, upindo wa khanga ukacheza kidogo, akaukamata haraka kana kwamba umemsema.

Halafu akaanza kudai. Mlango wa chuma. Vigae vinavyong'aa sakafuni.

"Vigae juu ya mbao vitapasuka, mama."

"Basi na mimi sihami."

"Vigae hapana."

"Umerithi wapi ubishi huu?"

Nilimtazama tu. Akageuza uso, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mlango nimekubali kidogo: mbao nzito, komeo mbili, ufunguo anao yeye peke yake. Vigae, hata akinuna mpaka mwaka kesho — hapana!

Jumanne, 3 Juni

Dari limeanguka. Chumbani kwake, asubuhi, juu ya kitanda. Mbao za jipsamu zilizolowa, nzito kama gunia la mchanga. Yeye alikuwa jikoni anachemsha maji. Nilisikia kishindo nikiwa kule juu, nikashuka mbio, nikamkuta na fagio. Anafagia!

Nilimshika mkono nikamwambia basi, mama, twende. Akauchomoa mkono wake.

"Nitatoka humu kwa miguu yangu," akasema. "Sitatolewa na dari."

Nikachukua fagio la pili. Tumefagia pamoja. Nilikuwa na hamu ya kusema nilikwambia. Sikusema. Angalau mara hii nimeushinda mdomo wangu.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi kapanda na kiti chake na blanketi. Kabla sijafungua mdomo: "Sijahamia. Nimeshampigia kaka yako, namsubiri aje atengeneze."

Sawa, mama.

Baada ya chakula akasinzia kwenye kiti. Mvua ikaanza. Nimekaa kibarazani nikitega sikio, nikisubiri kile kikohozi. Kaguna. Kajigeuza. Basi. Pumzi tu, inaingia, inatoka. Pimamaji alitaka kuanza kupiga randa, nikamtolea macho.

Sasa naandika haraka haraka. Lori limefika pale chini. Kaka amesimama matopeni, lori nyuma yake limejaa mbao za jipsamu na saruji, vibarua wameshafungua turubai. Mama kaamka, kavaa viatu, kashuka hata kabla sijamzuia. Namsikia kutoka hapa, sauti yote, bila kikohozi:

"Hakishuki kitu kwenye nyumba yangu mpaka niseme mimi!"

Kaka amebaki na mikono hewani. "Nyumba ipi, mama?"

Mvua imezidi, jibu silisikii, ila mama kanyoosha kidole. Vibarua wamesimama na turubai mikononi. Wote wamegeuka, wanatazama huku juu. Nashuka.