Migomba ya Keza Imekataa Nyarubungo

Nyarubungo, Biharamulo
6 Februari

Hapana, dada yangu Febronia, siyo kweli kwamba nimekonda kwa mateso. Simu ilikatika kabla sijakujibu, na nilipopanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, chaji nayo ikaniaga. Nikaona heri nikuandikie, maana maneno ya barua hayakatiki katikati. Paschal aliniona mnadani Nyakahura nikiuza mbuzi tangu asubuhi, nimejaa vumbi mpaka kwenye kope, akapanda pikipiki yake kurudi Keza kutangaza kwamba mke wa Msukuma amebaki mifupa. Mwambie Paschal kwamba mtu aliyeshinda juani na mbuzi hawezi kufanana na bibi harusi.

Lakini nimeingia ndani bila kubisha hodi. Hujambo, dada? Watoto hawajambo? Mpe mama shikamoo yangu, na usimwitikie wewe. Ngoja aitike mwenyewe. Goti lake linasemaje na ukungu wa asubuhi wa huko? Sisi tu wazima. Mvua za vuli zimekwisha, jua limerudi kazini, na mahindi yaliyobaki shambani yanapigwa na upepo mpaka usiku yanazungumza.

Najua utamsomea mama barua hii kwa sababu ya macho yake. Basi aya inayofuata iruke. Iruke kabisa, dada, nakuomba.

Ninampenda Shilinde mpaka naona aibu. Nilidhani mambo haya hupungua baada ya harusi, kama tulivyoambiwa na akina mama kwenye kitchen party, lakini kwangu yanaongezeka kama unga ulioumuka. Jioni wachungaji wanne wanarudi na ng'ombe wao na wote wanapiga mluzi, lakini mluzi wake naujua, na moyo unaruka kama siku ile ya kipaimara kengele ilipolia. Ananiletea maji kwa baiskeli, madumu yamening'inia kila upande, anaimba njia nzima. Wanaume wenzake walimkejeli kisimani kwamba ameolewa na mke wake. Akawajibu kwamba ndiyo, na ng'ombe wa mahari alitoa mwenyewe, kwa hiyo waache kumchelewesha, mume wake anasubiri maji. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa unaweza kumsomea mama tena, na aya hii msomee polepole.

Mama, kila unapochukua simu unauliza jambo moja: migomba imeshika? Nami nakujibu kwamba jua ni kali, au kwamba tusubiri mvua ikolee. Leo najibu. Haikushika. Yote mitatu imekufa.

Dada, wewe ulikuwepo siku naondoka. Unakumbuka mama alivyoyang'oa machipukizi yale nyuma ya jiko, pale ambapo kitovu chako na changu vimezikwa, akayafunga kwa majani makavu kama anamvika mtoto nguo. Alisema nyumba isiyo na mgomba ni kambi tu, watu wamelala kusubiri kuondoka. Alisema nikipata mtoto, kitovu chake kizikwe chini ya mmoja wa migomba hiyo, ili ajue kwao. Na alisema, mbele ya baba mdogo Habimana, kwamba migomba ikikataa, basi nchi imetukataa. Nasi turudi Keza, baba mdogo atatukatia kipande kule bondeni. Watu walipiga vigelegele wakidhani ni baraka. Mimi nilimwangalia Shilinde. Alikuwa ametazama viatu vyake. Mwanamume wa kwao akihamia ukweni, ng'ombe wake watachungwa wapi kwenye vilima vile vilivyojaa migomba na maharage? Atawauza. Na Shilinde bila ng'ombe, dada, ni kama wewe bila sauti.

Kwa hiyo niliipanda migomba ile kama mtu anayetetea ndoa yake. Nilichimba mashimo mapana, nikajaza samadi, na samadi huku siyo tatizo. Kisha nikafanya kama mama alivyotufundisha tangu utoto: nikakata nyasi, nikazikausha, nikazitandaza chini ya kila chipukizi mpaka zikafika magotini. Kwetu mwanamke anayeacha ardhi ya migomba yake uchi husemwa hadi kanisani. Na nilipofika hapa nikakuta viwanja vyote vimefagiliwa vyeupe, hakuna hata jani, nilisema moyoni kwamba watu hawa hawaihurumii ardhi yao.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alisimama pembeni na ufagio wake akitazama. Akaniuliza kwa upole, kitanda kizuri hivyo naandalia wageni gani? Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwamba kwetu ndivyo tunavyotunza mgomba. Akasema haya, mwanangu, akaendelea kufagia.

Wageni walikuja, dada. Mchwa! Zile nyasi kavu kwao zilikuwa ubwabwa wa harusi. Walizila kuanzia chini, na walipomaliza wakaingia kwenye shina. Asubuhi moja niligusa chipukizi la kwanza likaanguka lenyewe, ndani halina kitu. Nikaondoa nyasi zote haraka kuokoa mengine, na jua la huku likaliona la pili likiwa wazi, likalichoma mpaka majani yakawa kama karatasi ya sigara. La tatu nililizungushia miiba na kulimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Lilianza kutoa jani. Nilikuwa naliamkia kabla ya kumwamkia mume wangu! Ndipo ndama mmoja mwenye kiburi, ambaye Shilinde anampenda kuliko wote, akapita katikati ya miiba na kulitafuna mpaka mzizini.

Nililia hadharani. Wifi yangu Josefina alisema amewahi kuona mtu akimlilia ng'ombe, na mwingine akamlilia mbwa, lakini wa kuulilia mgomba ndiye mimi wa kwanza. Akauliza matanga tunaanua lini ili ajipange. Shilinde alimkaripia. Halafu akakaa nami kwenye gogo, akasema kwa sauti ndogo kwamba ikibidi, atauza ng'ombe, twende bondeni kwa baba mdogo. Dada, hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama upole wa sauti ile.

Sijui kwa nini wakati ule nilimkumbuka Madam Nice aliyetufundisha Bayolojia kidato cha tatu. Unajua nilivyolipenda somo lake. Nikaanza kumsimulia Shilinde, ili tu nisilie tena. Nikamwambia kuna mimea ya jangwani ambayo majani yake yamegeuka miiba ili isipoteze maji. Nikamwambia nundu ya ngamia imejaa mafuta, siyo maji kama watu wanavyodhani. Ni akiba yake ya njaa. Nikamwambia kusini kabisa mwa dunia kuna ndege wasioruka, pengwini, na dume hukaa na yai juu ya miguu yake wakati wa baridi kali, majike wamekwenda baharini kutafuta chakula. Madume wanabanana pamoja na kupokezana kukaa nje penye upepo. Hapo Shilinde akasema hao ni wanaume hasa, na kwamba atawaambia wale wenzake wa kisimani.

Nikamsimulia kuhusu dubu mweupe wa kaskazini kabisa mwa dunia, manyoya mazito, na mafuta mengi chini ya ngozi. Akauliza, huyo dubu akipelekwa Shinyanga mwezi wa tisa itakuwaje? Nikasema kwa mzaha kwamba atavua koti. Shilinde akafikiri, akasema hapana, hawezi kulivua, na hiyo ndiyo shida yake.

Hapo nikaacha mzaha, dada. Maana jambo hili nililijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri, kumbe sikuwa nimelisoma. Mgomba wa kwetu una shina la maji na majani mapana kama milango. Umeumbwa kwa vilima vyenye ukungu. Hauna kosa, na Nyarubungo haina kosa. Nchi haikunikataa mimi. Imekataa mgomba. Na mimi si mgomba. Koti langu linavulika.

Kesho yake nilichukua ufagio, nikaenda kufagia uwanja pamoja na mayu. Alinisogezea upande wenye kivuli. Tukiwa tunafagia akaniambia jambo ambalo hata Shilinde hakulijua. Walipohama kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, alikuja na mbegu za mtama wa mama yake zimefungwa kwenye kanga. Aliupanda kama kwao. Lakini huku mvua huja mara mbili, na mtama ule ukaiva katikati ya mvua, masuke yakaoza yote. Naye alilia, na naye alitaka kurudi kwao. Nilimuuliza alifanyaje. Akasema alikwenda kwa majirani waliomtangulia, akawauliza wao wanakula nini.

Basi nami nimeuliza. Ningependa unione sasa! Viazi vitamu tunavimenya, tunavikata vipande na kuvianika juu ya mwamba mpaka viwe vikavu kama vijiti. Vinaitwa michembe, na kiangazi unavichemsha na karanga, unakula mpaka unasahau jina lako. Majani ya kunde tunayakausha vilevile. Tuna mtungi umejaa. Nilimwambia Shilinde hiyo ndiyo nundu ya nyumba yetu, na sasa kila akipita anaupapasa na kuuliza ngamia wetu anaendeleaje. Shambani naenda alfajiri na kurudi jua likianza kuuma, kama ng'ombe wetu wenye akili wanaojua saa ya kuingia kivulini. Mihogo yangu imefika kiunoni. Mchwa hawaigusi, nami siwawekei ubwabwa tena.

Sasa, dada, kaa vizuri. Hili lisome kwanza peke yako, kisha umsomee mama bila kuruka hata neno.

Kilichonikondesha kidogo, kama kweli nimekonda, ni kwamba asubuhi tumbo halikubali kitu. Ninaye mtoto. Muuguzi wa zahanati amesema atakuja mwezi wa nane. Shilinde alipoambiwa alikwenda zizini akawaambia ng'ombe mmoja mmoja, halafu akarudi akaniuliza kama pengwini dume huruhusiwa kulia. Dada, nina furaha ambayo haienei ndani ya nyumba hii ndogo.

Mama, nimewaza sana juu ya kitovu chake. Nyuma ya nyumba yetu kuna mti, mninga, ambao baba mkwe aliuacha alipofyeka shamba. Kiangazi hudondosha majani yote ili usipoteze maji, na mtu wa Keza akiupita wakati huo atadhani ni kuni. Lakini kabla mvua hazijafika unatoa maua ya manjano, bila kumwagiliwa na mtu. Ukiukwaruza kwa panga, utomvu wake ni mwekundu kama damu yetu. Kitovu cha mjukuu wako kitazikwa chini ya mti huo. Hatutahamia bondeni, na Shilinde hatauza hata ndama yule mwenye kiburi. Hili siliombei ruhusa, mama, na naandika nikiwa nimepiga magoti. Nimezaliwa na wewe. Umenifundisha mwenyewe kwamba mwanamke huijenga nyumba pale alipo. Mimi nipo hapa.

Dada, ninachokuomba wewe ni kimoja tu. Baba mdogo Habimana asianze kupima kile kipande wala asiweke mipaka mpaka nifike. Mwambie kwa adabu kwamba mwenye shauri anakuja. Mama akinyamaza baada ya kusikia haya, usimsemeshe. Mpikie chai, umwache. Namjua: akinyamaza anapima, na akipima hupima kwa haki.

Mayu anawasalimu, na anasema mama akiwa tayari, kitanda kipo, nao watabishana vizuri juu ya nani ambebe mtoto kwanza. Shilinde anakusalimu shemeji yake, anasema umefanya vizuri kunilea mkaidi. Wabusu watoto mashavuni, wapake na mate kidogo ili wajue ni mimi. Paschal msamehe, lakini mcheke kwanza.

Nimekwisha kuongea na mume wangu na mayu, na nauli ya sote watatu tunayo. Kabla mwezi huu haujaisha mtatuona tunapanda kilima cha Keza. Siji kurudi nyumbani, dada. Nakuja kumchukua mama aje kupaona kwangu.

Mdogo wako anayekupenda,
Anjelika wa Shilinde