Ungo Mlangoni kwa Mama Dawt Sung

Mwaka umetimia, Mama, tangu mchana ule ulipoegemeza ungo mlangoni pa chumba chako, ukaingia kulala, na usitoke tena kuuondoa mwenyewe.

Tunakuandikia sisi wanao, wakweo na wajukuu zako. Nusu ya mtaa huu wa juu ya kanisa nao wametaka watajwe, na wametuahidi kununa wasipotajwa. Unawajua.

Wasiokujua tuwaambie kwanza habari ya ungo. Kila siku, jua likishapita utosi, ulinawa mikono, ukachukua ungo wa kupepetea mpunga, ukauegemeza mlangoni, ukaingia ndani. Sheria ilikuwa hiyohiyo miaka yote: ungo ukiwa mlangoni, Mama hayupo. "Moto au damu," ulikuwa ukisema. "Kama hakuna kinachoungua wala anayetoka damu, Mungu atawatunza kidogo. Ana uzoefu." Kaka yetu Hmung alipokuwa mdogo aliwahi kujikwaruza goti makusudi ili apate ruhusa ya kugonga. Ulitoka, ukalitazama lile goti, ukasema hiyo si damu, huo ni umbeya, ukarudi ndani.

Hatukujua kama mle ndani ulikuwa ukisali au ukilala. Marehemu Baba, mchungaji wa watu, alituambia unasali. Dada yetu Tial, mwenye masikio makali, alisema wanaosali hawakoromi. Tulipokuuliza ulitukumbusha kuwa Bwana Yesu mwenyewe alilala mashuani, tena dhoruba ikivuma, tena na mto wa kulalia. "Mimi sina dhoruba, nina ninyi," ulisema. "Na ninyi hamtulii mkikemewa."

Mtu asikudhanie uvivu. Uliamka kabla ya jogoo ukawapikia nguruwe kabla ya kutupikia sisi. Ulifuma, ulilima mteremkoni mahali ambapo mbuzi mwenyewe hujishauri, na palipotokea msiba ulikuwa wa kwanza kufika na sufuria ya mahindi na mifupa. Hukupenda mahubiri marefu, hata ya mumeo. Ulikuwa na kikohozi chako maalumu, na Baba alikijua. Hukuweza kumpita mwanamke aliyebeba mzigo. Ulimgombeza kwanza kwa kubeba mwingi, kisha ukajitwika nusu yake mgongoni mwako.

Lakini tunalotaka lisomwe leo ni lile la kopo.

Mdogo wetu Lian alipomuoa Tlem Par, alituletea msichana mwenye sauti nzuri kuliko kwaya nzima, na mwenye imani ya kuhamisha milima. Kwa bahati mbaya aliamua kuihamisha peke yake. Lian ni mwinjilisti, hushinda vijijini kwa miguu, wiki hii bonde lile, wiki ijayo bonde jingine. Wakapata watoto watatu waliofuatana kama vidato vya ngazi. Par alikuwa amesikia mahubiri mengi juu ya yule mwanamke wa Mithali ambaye taa yake haizimiki usiku, na aliyaamini yote. Mama mwema Mkristo hachoki, na akichoka hasemi.

"Yule alikuwa na vijakazi, mwanangu," ulimwambia. "Soma vizuri."

Par hakucheka. Alikwenda kufua nepi.

Hapa kwetu milimani hakuna mwanamke anayepika bila kumtolea Mungu. Kabla mchele haujaingia chunguni, anachota konzi moja na kuitia katika kopo la kanisa lililo kando ya jiko. Jumapili makopo yote hubebwa na kumiminwa katika kapu kubwa mbele ya akina mama. Mchele huo ndio uliojenga kanisa letu, na ndio unaomlisha Lian huko anakozunguka. Mtoto anaweza kuvunja dirisha akasamehewa, lakini lile kopo haligusi.

Msimu ule wa mvua kitindamimba wa Par alikuwa na kifaduro, na Par hakuwa akilala. Jumapili asubuhi akanyanyua kopo alipeleke kanisani, akaliona jepesi. Akatazama ndani: tupu. Ilimchukua muda kuelewa. Kila asubuhi alikuwa akitia konzi yake kama kawaida, na kila jioni, mtoto mgongoni na macho yamefumba nusu, mkono wake ulikwenda kwenye kopo badala ya gunia. Alikuwa amepika sadaka ya Mungu ya wiki nzima na kuila.

Ulimkuta ameketi chini, kopo mapajani, analia bila sauti.

"Nani kafa?" ukauliza.

"Nimekula mchele wa Mungu, Mama. Nimewalisha watoto sadaka."

"Umeiva vizuri?"

"Mama, usinitanie!" Hapo ndipo yalipomtoka. "Sisali tena. Nikifumba macho nalala. Nikiimba, nahesabu nepi. Nadhani imani imenitoka, na sikuiona ilipotoka. Namdanganya kila mtu, na Lian yuko huko anawahubiria watu."

 Ulimtoa mtoto mgongoni ukampa Tial, ukamshika Par mkono kama anayempeleka mtoto kuoga, ukamlaza kitandani kwako na viatu vyake. Kisha ukaegemeza ungo mlangoni, ukajitanda shuka la ibada, ukachukua kopo tupu na kwenda kanisani.

Waliokuwapo bado wanasimulia. Zamu yako ilipofika ulilipindua kopo juu ya kapu, ukaligonga kitako mara kadhaa, watu wasikie. Bibi Zing Hniang, mtunza mchele, ambaye hajawahi kucheka ndani ya kanisa tangu abatizwe, alikutazama juu ya miwani.

"Dawt Sung, humu hamna kitu."

"Naona. Mimi si kipofu."

"Mchele uko wapi?"

"Umeliwa."

"Umeliwa na nani?"

"Na wajukuu zangu. Na mimi pia, siku ya Alhamisi niliongeza sahani."

Akina mama wa nyuma wakaanza kuziba midomo kwa shuka.

"Na mkweo yuko wapi aje aseme mwenyewe?"

"Amelala."

"Amelala! Saa ya ibada?"

"Nimemwekea ungo. Atakayeugusa atanijua mimi ni nani."

Kisha ukawageukia wote, na wanasema hukupandisha sauti. "Tunamtolea Mungu konzi katika kila chungu, na ni vizuri. Mungu hana njaa, lakini ni vizuri. Haya niambieni, kati yetu hapa, nani amewahi kumtolea mwanamke mwenye mtoto mgonjwa konzi moja ya mchana? Nyumba yangu leo imetoa usingizi wa Par. Ndicho tulichokuwa nacho. Kama haufai kapuni, nirudishieni niende nao nyumbani."

 Bibi Zing Hniang alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi, akasema, "Anayefuata."

Kesho yake jua likiwa utosini, akabisha hodi kwetu. Alikuwa na kazi yake ya kufuma kwapani.

"Nipe huyo mtoto," akamwambia Par. "Nenda kalale."

"Bibi, asante, lakini nina..."

"Usinishukuru, nitabadili mawazo. Nenda."

Siku iliyofuata akaja mwingine, na baadaye mwingine tena. Hakuna aliyepanga zamu wala kuzitangaza. Mpaka leo mtaa huu mwanamke akijifungua, wenziwe wanamletea konzi ya mchana, na wapo wanaodhani desturi hii ilikuja na wamisionari. Waache wadhani.

Jioni ya Jumapili ile Par aliamka akiwa ameshiba usingizi na aibu. Ulikuwa ukipika. Akaketi kando yako, na hapo ndipo ulipomsimulia jambo ambalo hata sisi wa tumbo lako hatukuwa tumelisikia.

Ulimwambia kuwa zamani, wengine wetu tukiwa hatujazaliwa, ulikuwa ukipanda kutoka msituni na kapu la kuni mgongoni, mkanda wake kipajini, na Hmung mchanga kifuani. Ulikuwa ukikimbilia sala ya akina mama, kwa sababu mke wa mchungaji asipoongoza, ataongoza nani? Pale kwenye kona ya mwinuko kulikuwa na jiwe la ukumbusho. Kwetu aliyekufa huwekewa jiwe njiani, la kimo cha kumwezesha mpita njia kutua kapu juu yake bila kupiga magoti. Hilo lilikuwa la kale, jina limefutika kwa mvua. Ukatua kapu, ukisema uvute pumzi tu. Ulipofumbua macho jua lilikuwa linazama.

"Nikangoja woga uje," ulimwambia Par. "Haukuja. Mtoto alikuwa amelala kifuani pangu. Sala ilikwisha bila mimi. Mlima ulikuwa palepale, na Mungu hakuwa ameanguka kitini. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba Yeye ndiye aishikaye dunia, nami nikasema amina. Lakini siku ile ndipo nilipomwamini. Kabla ya hapo nilikuwa namsaidia."

Par akauliza swali letu la miaka yote. "Sasa mle chumbani, Mama, unasali au unalala?"

"Naanza na sala," ulisema. "Nasema, Bwana, wako hao. Kinachofuata sikijui."

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa na ungo mmoja na wanawake wawili wanaoupokezana. Par akanenepa kidogo. Kwaya ikapata sauti yake tena.

Halafu ukaja mchana wako wa mwisho. Par ndiye aliyekuwa nyumbani. Watoto walinyamazishana wenyewe, mkubwa akiwaambia wadogo Bibi hayupo. Saa ya kupika ikafika, Par akatia konzi yake katika kopo, akageuka, ungo bado uko pale. Akakuita polepole mara moja. Kisha akauondoa. Ulikuwa umelala ubavu, kiganja chini ya shavu, na shuka halikukunjamana.

Msibani hawakukosekana wenye midomo. Walisema laiti Par angefungua mapema. Bibi Zing Hniang aliwakata kauli mbele ya watu: "Kulikuwa na moto? Hakukuwa. Kulikuwa na damu? Hakukuwa. Basi kuleni mahindi." Mganga wa zahanati naye alisema uliondoka usingizini, wala hakuna mlango ambao ungekurudisha. Lakini maneno yale yalikuwa yamekwisha kumwingia Par. Aliutundika ungo msumarini, na mwaka mzima hakuushusha hata kupepeta. Mpunga alipepetea ungo wa kuazima. Mchana hakulala. Taa yake ikaanza tena kuchelewa kuzimika. Akina mama walikuja na konzi zao za mchana, akawapa chai na kukaa nao, macho mekundu. Tulimwona anarudi kulekule ulikomtoa, na maneno ya kumwambia hatukuwa nayo, maana mwenye maneno ulikuwa wewe.

Ikafika zamu ya jiwe lako, na unajua familia yako. Hmung alitaka liandikwe matendo yako yote, Tial alitaka mstari wa Biblia, Lian alitaka majina ya wajukuu wote pamoja na wasiozaliwa bado. Fundi wa mawe akatuambia amepewa jiwe, hakupewa mlima. Par akasema kwanza kipimwe kimo. Akajitwika kapu lililojaa kuni, mkanda kipajini, akasimama wima mbele ya fundi. "Pima hapa," akasema, "kapu linapoishia." Basi jiwe likakatwa kwa mgongo wa Par. Juu yake tuliandika jina lako, na chini ya jina maneno mawili tu: Tua mzigo.

Tulilisimamisha wiki iliyopita, pale pale kwenye kona ya mwinuko, kando ya lile la kale. Mchungaji mpya alihubiri. Alihubiri sana. Palipohitaji kikohozi chako tulikuwa tukitazamana, mpaka Bibi Zing Hniang akakohoa kwa niaba yako. Watu wakala, wakatawanyika, tukabaki wenyewe tukikusanya vyombo.

Ndipo akatokea mama mmoja tusiyemjua, anatoka mabonde ya chini, kapu la tangawizi mgongoni na kichanga kifuani. Hakutusalimu, hakuwa na pumzi ya salamu. Hakuangalia maandishi. Aliligeuzia jiwe mgongo, kapu likakaa sawasawa, akauvua mkanda kipajini, akaketi chini na kuegemea. Kabla hatujamaliza kuosha sufuria alikuwa amelala, kinywa wazi.

Watoto walitaka kwenda kumtazama. Par akawazuia kwa mkono. Akasimama pale muda mrefu, anamtazama yule mama na kichanga chake, kisha akaondoka kuelekea nyumbani. Tulidhani amekwenda kulia. Akarudi na ungo wako.

Aliuegemeza jiweni upande wa jua, kivuli kikamfunika yule mgeni na mtoto wake. Akamwambia Lian, "Shika watoto." Akazunguka upande wa pili wa jiwe, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye jina lako. Tulimsikia wazi akisema, "Bwana, wako hao."

Kilichofuata hatukijui, Mama. Ila Tial, mwenye masikio yake, anasema walikuwa wanakoroma wawili.

Wanaokukumbuka ni wanao Hmung, Tial na Lian. Wakweo, wa kwanza wao Tlem Par. Wajukuu zako wote, pamoja na yule wa kifaduro, ambaye sasa anakimbia. Bibi Zing Hniang, mtunza mchele. Na akina mama wa mtaa wa juu ya kanisa.

Hatutakuamsha, Mama, wala hatutakusahau.